Nani Analipia Chaji ya Matangazo Yetu?

Mnara wa simu haulali. Saa nane za usiku, Kharumwa ikiwa kimya, karasha za mawe ya dhahabu zimezimwa na bodaboda wa mwisho amekwisha kurudi kwake, mnara unaendelea kutangaza: nipo hapa, nipo hapa, nipo hapa. Katika mtandao wa 4G tangazo hilo hutoka kila milisekunde, yaani mara elfu moja kwa sekunde, hata kama hakuna simu hata moja inayotumika. Sehemu kubwa ya umeme wa mnara huliwa namna hiyo, kumwambia mtu aliyelala kwamba mtandao upo.

Mimi ni frateri wa falsafa, si mhandisi. Lakini mtu aliyefundishwa na Aristotle kuuliza kila kitu kipo kwa ajili ya nini hawezi kupita chini ya mnara huo bila kuuliza. Na nikiisha kuuliza kuhusu mnara, nalazimika kuuliza kuhusu sisi wenyewe, kwa maana naona parokia zetu nazo zimeanza kutangaza kwa namna inayokula nishati ya watu bila kujua kama yupo anayesikia.

Nianze na mnara. Katika mtandao wa simu, umeme mwingi hauliwi na simu zetu wala na mitambo ya makao makuu mjini. Unaliwa na minara. Ndani ya mnara, mlaji mkubwa ni kile kifaa kinachokuza mawimbi kabla hayajarushwa hewani. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia humo hutoka kama joto, na katika vituo vingi joto hilo linahitaji umeme mwingine wa kulipooza. Wahandisi wanalijua tatizo hili muda mrefu. Mwaka 2010 makampuni na vyuo kutoka nchi mbalimbali viliunda umoja ulioitwa GreenTouch, ukiwa na lengo la kuonyesha namna ya kufanya mitandao itumie nishati vizuri zaidi mara 1000, na ulimaliza kazi yake mwaka 2015. Katika 5G, baadhi ya mafunzo hayo yameingia kwenye muundo wenyewe. Yale matangazo ya “nipo hapa” kwa kawaida hutoka kila baada ya milisekunde 20, na yanaweza kupunguzwa hadi kila milisekunde 160, ili katikati mnara upate nafasi ya kusinzia.

Kusinzia ni neno zuri. Ubunifu mkubwa wa miaka hii katika mawasiliano ni kuifundisha mashine kunyamaza pale isipohitajika. Sisi seminarini tunaifahamu kanuni ya ukimya baada ya sala ya usiku, na wengine tunailalamikia.

Hapa mtu wa Nyang'hwale anaweza kusema: haya ni mambo ya wazungu, yananihusu nini? Yanamhusu kuliko mtu wa Dar es Salaam. Mnara wa mjini una umeme wa gridi na wateja maelfu wa kuulipia. Mnara wa kijijini, pale gridi isipofika au inapokatika mara kwa mara, hutegemea jenereta ya dizeli au sola na betri. Dizeli lazima ipelekwe, barabara za masika tunazijua, na wateja ni wachache wanaoweka salio la mia tano mia tano. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, kwa miaka mingi uliendesha mitambo yake kwa umeme wa dizeli uliouzalisha wenyewe. Uliweza, kwa kuwa gharama hiyo ilirudi kwa wakia za dhahabu. Mnara wa kijiji hauna wakia. Kwa hiyo kampuni ikipiga hesabu, kijiji kinaachwa. Kila wati inayookolewa kwenye mnara inasogeza mbele kidogo mpaka wa mahali ambapo kujenga mnara kunalipa.

Ndiyo sababu nchi yetu ililazimika kuwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ili kutoa ruzuku pale ambapo soko peke yake halifiki. Mei 2023 mfuko huo ulitia saini mikataba na makampuni ya simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni jambo jema, nami nashukuru. Lakini ruzuku hujenga mnara mara moja, na umeme hulipwa kila siku. Mnara unaozimika jua likizama kwa kuwa betri zimechoka haumsaidii mama mwenye uchungu wa kujifungua saa tisa usiku.

Watanzania hawakukaa tu kusubiri majibu ya wengine. Miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo cha KTH cha Stockholm walishirikiana kujenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Serengeti na Bunda, mkoani Mara, kuunganisha shule, hospitali na ofisi za halmashauri. Mmoja wa watafiti hao alikuwa Dk. Amos Nungu, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, na suala la umeme lilikuwa miongoni mwa yale yaliyowaumiza vichwa: vifaa vidogo visivyokula sana, vinavyoweza kustahimili umeme wa kwetu. Kondoa nako, Chuo Kikuu cha Dodoma na tawi la Tanzania la Internet Society walianzisha mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yasiyo na mtu. Masafa hayo ni ya chini, hivyo mawimbi yake hufika mbali na kupenya miti na kuta vizuri zaidi.

Majirani zetu Kenya walijaribu njia ya kushangaza zaidi. Julai 2020 maputo ya mradi wa Loon, yakitumia jua, yalianza kurusha mtandao wa 4G kutoka takribani kilometa 20 angani, kwa ushirikiano na Telkom Kenya. Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa, kwa kuwa biashara yake haikuonyesha njia ya kujitegemea. Nautaja mradi huo bila dhihaka. Unaonyesha tu kwamba mbinu ya kiufundi inaweza kufanya kazi vizuri kabisa na bado isimfikie maskini, maana swali la nani analipa halikupata jibu.

Swali hilohilo ndilo nataka kulileta ndani ya parokia.

Kiswahili chetu kina neno moja, rahisi, kwa mambo mawili: kisicho kigumu na kisicho ghali. Waingereza wanayatenga kwa maneno mawili. Nadhani sisi ndio tuliona vizuri, maana kwa mtu wa kipato kidogo kitu cha ghali ni kigumu, hakuna namna nyingine. Basi tunaposema kwamba kundi la WhatsApp ni njia rahisi ya kutoa matangazo ya parokia, inafaa tuulize: rahisi kwa nani? Kwa katibu ni rahisi kwa maana zote mbili. Anapiga picha barua ya paroko, anabonyeza, imekwenda kwa watu mia mbili. Hajalipa karibu chochote. Waliolipa ni wale mia mbili: kila mmoja bando lake, kila mmoja chaji yake, na kabla ya hapo kila mmoja alipaswa kununua simu janja. Ujumbe mfupi wa kawaida, SMS, ni kinyume. Anayelipa ni mtumaji, na mpokeaji hupokea bure, hata akiwa na kitochi.

Tofauti ya uzito ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. SMS moja ni herufi 160, na kwa kipimo cha kompyuta haizidi baiti 140. Video moja ya megabaiti 16, kama zile za kwaya au mahubiri tunazotumiana Jumapili jioni, ina uzito wa SMS zaidi ya laki moja. Zote zinapita kwenye mnara uleule, na zinashuka kwenye simu ambayo mwenyewe amelipa kibandani ili ichajiwe. Tena simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike. Simu ya GSM inaweza kupanda hadi wati 2 ikiwa mbali, na kushuka chini ya sehemu moja ya mia ya wati ikiwa karibu. Maana yake aliye pembezoni, ambaye ndiye mwenye umeme wa shida, ndiye ambaye betri yake huisha upesi. Kitochi chake hukaa na chaji siku kadhaa. Simu janja, huko huko, haimalizi siku.

Kuna mzee mmoja, katekista mstaafu, aliyefundisha sakramenti kizazi kizima katika kigango kimoja cha kwetu. Rafiki yake wa tangu ujana, waliyeimba pamoja kwaya, alifariki usiku. Tangazo la msiba likawekwa kwenye kundi la parokia asubuhi na mapema, na emoji za kulia zikajaa kabla ya saa mbili. Mzee ana simu ya batani. Alipata habari siku ya tatu, kutoka kwa kijana aliyekuja kununua kuku, na mazishi yalikuwa yamepita. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Kila mmoja aliamini kwamba kila mtu ameona. Kwetu Usukumani kutofika kwenye mazishi ya rafiki ni jambo zito, na mzee hakuulizwa kwa nini hakuja. Watu walikisia wenyewe.

Najua wapo watakaosema kwamba narudisha watu nyuma. VIWAWA wa parokia moja wameniambia wazi kwamba vijana wako mtandaoni na Kanisa lazima liwafuate huko. Nakubali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulikwisha kutuelekeza tutumie vyombo vya mawasiliano kwa moyo wote, na mimi mwenyewe makala hii naiandika ili isomwe kwenye simu. Video ya katekesi iliyotengenezwa vizuri ina kazi yake. Ninachokataa ni kuifanya njia nzito kuwa njia pekee ya habari ambayo mtu ana haki ya kuipata: msiba, mabadiliko ya ratiba ya Misa, mwisho wa kuandikisha watoto wa komunyo ya kwanza, zamu ya kliniki ya zahanati. Habari hizo zote zinaingia kwenye herufi 160 na nafasi inabaki.

Wengine watasema kwamba teknolojia ikishakuwa na ufanisi zaidi, tatizo litajiondoa. Hapa Mwingereza William Stanley Jevons alikwisha kutuonya mwaka 1865, alipochunguza makaa ya mawe: mashine zilipoanza kutumia makaa kidogo kwa kazi ileile, matumizi ya jumla ya makaa yaliongezeka, maana kila mtu alitaka mashine. Mtandao unafanya vivyo hivyo. Kila kizazi kipya kinabeba data kwa nishati ndogo zaidi, nasi tunaongeza video mpaka akiba yote iishe. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 aliweka mzigo huu kwetu pia, watumiaji, na siyo kwa wahandisi peke yao.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa halmashauri za walei ni dogo. Kila tangazo la lazima liende kwa SMS kwa wenyeviti wa jumuiya, na mwenyekiti awe na wajibu wa kulifikisha kwa mdomo kwa wale wasio na simu kabisa. SMS ina faida nyingine: simu ikiwa imezimwa, ujumbe husubiri kwenye mtandao na huingia ikiwashwa. Parokia yenye jumuiya arobaini inahitaji ujumbe arobaini, fedha ya soda mbili tatu, nayo itoke kwenye mfuko wa parokia. Mzigo ubebwe na mwenye kutangaza. Kundi la WhatsApp libaki kwa picha, nyimbo na mazungumzo, na admini awe mkali kidogo kwa video za kusambazwa ambazo hakuna aliyeziomba. Namba za waamini zitunzwe na mtu mmoja anayeaminika, maana tangu Mei 2023 nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayofanya kazi, na hata kabla ya sheria ilikuwa ni adabu tu.

Orodha za jumuiya nyingi zipo kwenye daftari, baadhi zina namba za zamani, baadhi zina majina ya waliokwisha kufariki. Kuzisahihisha ni kazi ya jioni chache, na inahitaji mtu wa kutembea nyumba hadi nyumba. Mafrateri tutakuwa likizo Juni.