Udongo Mmoja, Haki Mbili

Urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Sehemu ya mabaki yake ilifukiwa Lewiston, jimbo la New York, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi. Huko taka zilikusanywa, zikafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, na serikali ya Marekani inazilinda na kuzipima.

Na Shinkolobwe je? Mwaka 2004 serikali yetu ilipiga marufuku uchimbaji. Lakini marufuku haisafishi udongo.

Sisi wa Nzilo tusiseme hayo ni ya Likasi. Mawe ya shaba na kobalti ya Kolwezi nayo pengine hubeba urani, na mvua huteremsha taka za migodi mitoni. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 inamwagiza mchimbaji atengeneze ardhi aliyoiharibu. Twadai itekelezwe: udongo upimwe na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, kabla mama hajapanda mihogo juu yake.

Kwa nini mtoto wa Lewiston alindwe, na wa Kolwezi aachwe? Kusali bila kudai haki hiyo ni kumrudishia Mungu kazi aliyotukabidhi sisi.