Inesha Haihitaji Maabara ya Fahari

Walimu wengi wa fizikia hulalama kwamba shule zao hazina maabara, kwa hivyo hawana budi kuandika kanuni ubaoni ili wanafunzi wazinakili na kuzikariri. Kilio hicho kina haki yake. Hata hivyo, yapo masomo ambayo ukosefu wa vifaa hauwezi kuwa kisingizio. Mojawapo ni inesha, yaani ile tabia ya kila kitu kudumu katika hali kiliyomo, kiwe kimetulia au kinakwenda, mpaka kibadilishwe na kani itokayo nje.

Kanuni hii, aliyoichapisha Isaac Newton mwaka wa 1687, huonyeshwa kwa gilasi, kadi na sarafu. Mwalimu na aweke kadi juu ya gilasi na sarafu juu ya kadi, kisha awatake wanafunzi watabiri litakalotokea. Akiivuta kadi polepole, sarafu itafuatana nayo. Akiipiga ghafla kwa kidole, kadi itachomoka na sarafu itatumbukia gilasini. Sarafu ni ile ile na kadi ni ile ile. Kilichopungua ni muda wa msuguano kuisukuma sarafu. Hapo mwanafunzi ataelewa kwamba inesha si kani, bali ni ukaidi wa kitu chenyewe, nao huzidi kadiri tungamo lake linavyozidi.

Wanaodhani huo ni mchezo wa watoto na waikumbuke matatu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akifunga breki ghafla, hakuna amsukumaye abiria mbele. Mwili wake huendelea tu na mwendo uliokuwa nao, hadi uzuiwe na mshipi, kiti au kioo. Masharti yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, enzi za Waziri John Michuki, yalilazimisha mishipi ya usalama katika magari ya abiria. Hata hivyo, wapo waifungao wamwonapo polisi na kuifungua akishapita. Miongoni mwao wamo waliopasi mtihani wa fizikia!

Serikali na ijenge maabara, nasi tusichoke kuidai. Lakini elimu isiyovuka kizingiti cha darasa haimfai mtu barabarani. Mwalimu asingoje maabara ndipo aokoe maisha. Sarafu anayo mfukoni.