Nusu Si Moja: Jimu ya Zege Inahitaji Sheria Kuliko Jimu ya Westlands

Haya, leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Kuna ubishi mmoja ninaousikia kila wiki jimu, Kibera na Kawangware, na nimeamua kuuandikia hapa kwa sababu ukiutazama vizuri utaona ni ubishi wa watu wa kompyuta. Ni ubishi kuhusu kuhesabu.

Ubishi wenyewe ni huu. Mtu amelala kwenye benchi, anasukuma chuma. Kundi la kwanza linasema chuma kishuke mpaka kiguse kifua, kipande mpaka mikono inyooke, kiuno kisiruke, ndipo tuseme "moja". Kundi la pili linasema chuma kikishuka nusu na kurudi juu, hiyo nayo ni moja, muhimu ni uzito na jasho. Kuchuchumaa na chuma mabegani ni hivyo hivyo. Wengine hushuka mpaka nyonga ipite goti. Wengine huinama kidogo kama mtu anayemsalimia mzee, kisha huinuka wakijipiga kifua.

Mimi ni wa kundi la kwanza, na sitajifanya refa. Lakini kinachonikera zaidi si wale wanaofanya nusu. Ni hoja wanayoitumia kujitetea: "Buda, hiyo ya kushuka mpaka chini ni mambo ya jimu za Westlands. Sisi huku ni zege na mbao, tunafanya tunavyoweza." Hoja hii inasikika kama unyenyekevu, na watu huikubali bila kuipima. Mimi naipinga kabisa. Jimu ya zege ndiyo inayohitaji sheria kali kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Kopo la rangi halina namba

Jimu zetu mnazijua. Kopo la rangi limejazwa zege, bomba la maji limechomekwa katikati, upande wa pili kopo jingine. Kando kuna gia za lori zilizochomelewa kwenye nondo. Benchi ni mbao na misumari. Naipenda kazi hiyo, ni ufundi halisi wa jua kali, na imejenga vifua vingi kuliko mashine za watu wenye kiyoyozi.

Lakini tupige hesabu. Zege lina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa lita. Kopo la lita 4 likijaa sawasawa ni karibu kilo 9.6. Ndoo ya lita 20 ni karibu kilo 48. Hiyo ni kama limejaa, kama mchanganyiko ni mmoja, na kama fundi alishindilia vizuri hewa ikatoka. Kopo moja likipungukiwa vidole viwili, au mchanga ukizidi kokoto, umepoteza kilo nzima na hakuna aliyejua. Hakuna namba iliyopigwa chapa juu yake. Tunasema "kopo kubwa" na "kopo dogo".

Sasa fikiria kama mtengeneza programu. Kujua kama umeendelea, unahitaji vitu vitatu: uzito, umbali chuma kinaposafiri, na idadi ya mara. Mtu wa Westlands ana namba kwenye kila sahani ya chuma. Akilegeza umbali, bado anaujua uzito. Wewe uzito wako ni wa kukisia tayari. Ukilegeza na umbali pia, umebaki na idadi peke yake, na idadi ya kitu kisichojulikana ni kelele tu.

Mfano mdogo. Wa kwanza anasukuma kilo 40 kutoka kifuani, sentimita 40 mpaka juu. Kazi ya kila rudio ni 40 × 9.8 × 0.4, yaani karibu jouli 157. Wa pili ana kilo 50, anashuka sentimita 20 tu na kurudi. Kazi yake ni 50 × 9.8 × 0.2, yaani jouli 98. Jimu nzima itamshangilia wa pili kwa sababu ana kopo la ziada. Sisemi msuli hukua kwa jouli peke yake. Nasema kwamba kama mnashindana kwa kuhesabu, mmehesabu vibaya.

Kompyuta haihesabu usichokifafanua

Niliandika programu ndogo ya simu ya kuhesabu marudio ya kukunja mkono na dambeli. Simu inafungwa kwenye mkono chini ya kiwiko, na kihisio chake kinaonyesha mkono umeinama kwa pembe gani. Mkono ukining'inia ni sifuri, ukikunjwa unapanda. Kiini cha programu ni mistari hii:

hali = CHINI
kama hali ni CHINI na pembe imepita 120, basi hali = JUU
kama hali ni JUU na pembe imeshuka chini ya 20, basi hali = CHINI na hesabu = hesabu + 1

Basi. Angalia kwamba kuna mipaka miwili, si mmoja. Ukiweka mmoja tu, mkono ukitetemeka pale mpakani programu itahesabu kila mtetemeko. Ukiweka miwili, huwezi kupata moja mpaka upande kabisa na urudi kabisa. Hiyo ndiyo sheria ya wazee wa jimu, nami nimeiandika tu kwa lugha ya mashine.

Kijana mmoja akaijaribu. Mdomo wake ulihesabu 20, programu ikasema 11. Akaniambia programu yangu ina kasoro. Nikamwambia, sawa ndugu, nipe sheria yako niiandike. Mkono ufike wapi ndipo iwe moja? Akafikiri, akasema: "Ikifika tu pale. Si unajua, pale." Nikamuuliza "pale" ni digrii ngapi. Akacheka. Tulibaki hapo.

Na ndipo ubishi wote ulipo. Rudio kamili lina mwanzo na mwisho, mtu mwingine anaweza kuuona na kuukubali. Nusu haina mwisho. Leo ni nusu, wiki ijayo ukichoka ni robo, na mwezi ujao unatikisa kichwa tu na rafiki yako anasema "kumi!".

"Lakini sayansi imesema nusu ni nzuri"

Hii ndiyo hoja ya wale waliotazama video. Hawadanganyi, lakini wamesikia upande mmoja. Mwaka 2023 kundi la watafiti wa Brazili, Witalo Kassiano na wenzake, walitoa matokeo ya wanawake 42 waliofanyishwa zoezi la kuinua visigino kwa wiki 8. Waliofanya nusu ya chini, pale msuli umevutika, walikuza sehemu moja ya kigimbi kwa asilimia 15.2. Waliofanya mwendo kamili walipata 6.7. Waliofanya nusu ya juu walipata 3.4.

Soma tena, taratibu. Nusu iliyoshinda ni ya chini. Ile ya juu ilikuwa ya mwisho. Sasa niambie, jimu yenu mnafanya nusu ipi? Sijaona mtu Kibera wala Kawangware anayejidanganya kwa kubaki chini kifuani ambako chuma kinauma. Wote hukatiza chini na kubaki juu, kwenye raha, kwa sababu mikono ikikaribia kunyooka mwili unapata nyenzo nzuri na chuma kinakuwa chepesi. Ukitumia utafiti wa nusu ya chini kutetea nusu ya juu, umesoma ramani ukiwa umeigeuza.

Na mambo hayaishii hapo. Mwaka 2013 Kira Bloomquist na wenzake walichapisha utafiti wa wiki 12 kuhusu kuchuchumaa kwa kina na kuchuchumaa kwa juu juu. Wa juu juu walibeba uzito mkubwa zaidi, lakini mapaja yaliyokua vizuri zaidi ni ya walioshuka. Mwaka 2025 ukaja utafiti wa Milo Wolf na wenzake kwa watu waliokwisha kuzoea vyuma, wakilinganisha nusu ya chini na mwendo kamili: matokeo yalikaribiana. Kwa hiyo nusu ya chini ni chombo halali. Umemaliza marudio kamili 8, huwezi la tisa, unaongeza matatu ya nusu pale chini. Safi kabisa. Lakini daftarini andika "8 kamili, 3 nusu". Usiandike 11.

Iten wanajua tofauti

Hakuna nchi inayopaswa kuelewa jambo hili kuliko Kenya. Wakimbiaji wa Iten hukimbia vipande vipande mazoezini: mita 400, kilomita moja, mara nyingi. Hakuna anayerudi nyumbani akasema leo nimekimbia marathoni. Kipande ni mazoezi, kilomita 42.195 ni mtihani.

Na Eliud Kipchoge? Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, alikimbia umbali wote kwa saa 1:59:40. Dunia ilisimama. Lakini wakimbiaji wa kumsaidia walikuwa wakipokezana na hayakuwa mashindano ya wazi, basi haikuandikwa kama rekodi ya dunia. Rekodi iliendelea kuwa yake ya Berlin 2018, 2:01:39, mpaka alipoivunja mwenyewe hapo hapo Berlin mwaka 2022 kwa 2:01:09. Je, Vienna ilipungua utukufu? Hata kidogo. Iliwekwa tu kwenye droo yake, na lebo yake. Kama Kipchoge alikubali lebo, wewe na makopo yako mawili una nini?

Tena kuna mfano wa vyuma vyenyewe. Zamani Olimpiki ilikuwa na mtindo wa kusukuma chuma kutoka mabegani hadi juu ya kichwa kwa nguvu ya mikono, mwili ukiwa wima. Wanyanyuaji wakaanza kuegemea nyuma kidogo. Waamuzi wakaachia. Wakaegemea zaidi. Mwishowe mtu alikuwa kama amelala kwenye benchi akiwa amesimama, na waamuzi hawakuweza tena kukubaliana ni ipi halali. Baada ya Munich 1972 mtindo wote ukafutwa. Mpaka ukilegea, mchezo hufa.

Kilicho hatarini

Utaniuliza, kwa nini nikasirike hivi kwa ajili ya mazoezi ya watu wengine?

Kwanza, kwa sababu ya bomba. Nusu ya juu hudanganya kuwa una nguvu, basi unaongeza kopo. Kisha jingine. Jimu ya pesa nyingi ina vyuma vya kukinga pembeni, chuma kikikushinda kinatua hapo. Sisi kinga yetu ni mikono ya rafiki, naye anaangalia simu. Siku moja chuma kitashuka mpaka kifuani chenyewe, upende usipende, mahali ambapo hujawahi kujizoeza kukisukuma. Bomba la maji halikutengenezwa kwa mzigo huo. Mbao pia.

Pili, kwa sababu ya kazi. Vijana wengi huku hawajengi mwili kwa ajili ya picha. Wanasukuma mkokoteni, wanabeba maji, wanashusha magunia, wanatafuta kazi ya ubaunsa. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na hukaa chini, sakafuni. Mfuko wa simiti ni kilo 50, nao unaanzia chini. Hakuna mzigo unaokusubiri ukiwa umefika kiunoni. Nguvu inayoanzia katikati haitakusaidia.

Tatu, ada ya siku ya jimu ni chapati na maharagwe. Aliyeacha chakula ili alipe ana haki ya kujua kama anaendelea au anazunguka.

Kwa wenzangu wa kundi la kwanza, nanyi punguzeni kelele. Miili si sawa, mwenye mapaja marefu hatachuchumaa kama mfupi, na kuyumba kidogo rudio la mwisho si dhambi. Sheria iwe rahisi na ya kuonekana:

1. Kila zoezi liwe na alama mbili, chini na juu. Kuchuchumaa, weka kreti ya soda nyuma, aongezewe tofali anayehitaji. Usipoigusa, haihesabiwi. Benchi, alama ni kifua na mikono iliyonyooka.
2. Anayehesabu asiwe anayebeba.
3. Nusu inaruhusiwa, ya chini, baada ya zile kamili, na inaandikwa peke yake.
4. Makopo yapimwe. Kuna mizani ya magunia kila soko. Mpelekee mwenyewe makopo yote siku moja, kisha yaandikwe kilo kwa rangi.

Gharama ya yote haya ni chaki na kreti tupu. Usiniambie tena kwamba ni mambo ya Westlands.