Uzuri wa mkakasi: sindano za jimu zinatuharibia vijana

Mwaka jana, baada ya sala ya Isha, mpwa wangu alinishika mkono akaniomba tuzungumze pembeni. Ni kijana wa miaka 26, kifua kipana, mikono imejaa, akipita mtaani watoto humfuata nyuma. Alikuwa ameoa kwa mwaka mmoja na nusu na mtoto bado. Nyumbani maneno yalishaanza, na kama ilivyo ada yetu, yote yalikuwa yanamwangukia mke. Binti wa watu alishanyweshwa dawa za miti, akasomewa, akapelekwa kukandwa tumbo.

"Mjomba," akaniambia, "nimekwenda kupima. Mwenye shida ni mimi. Hawakuona mbegu hata moja."

Daktari alikuwa amemtazama mwili, kisha akamuuliza kama anatumia sindano za jimu. Alikuwa akizitumia kwa miaka mitatu.

Ameniruhusu niyaandike haya bila ya jina lake, kwa sababu anajua hayuko peke yake. Nami naandika kwa kuwa hapa Pwani tunajua kupiga kelele tukitaka. Mwezi Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka, hakuna aliyelala. Tulibishana misikitini, sokoni, redioni, hadi mahakamani. Unga tumeulilia miaka na miaka. Lakini hii sindano ya jimu haina mtu wa kuilaani, kwa sababu anayeitumia hasinzii barazani wala haibi sufuria za mamake. Anaonekana mwenye afya kuliko sisi sote.

Tuanze na dawa yenyewe. Wengi huchanganya steroidi na unga wa protini. Protini ni chakula, hata kama kimetiwa kwenye mkebe wa bei ghali. Steroidi za kujenga misuli ni homoni: ni testosteroni, ile homoni ya kiume, au dawa zilizotengenezwa kwa mfano wake. Hospitalini zina kazi yake, kwa mfano kwa mwanamume ambaye mwili wake haitengenezi ya kutosha. Ila kipimo cha daktari ni kidogo. Anayetaka misuli ya haraka hujidunga mara kumi ya hicho, au zaidi, tena huchanganya aina mbili tatu kwa wakati mmoja.

Mwili nao una hesabu zake. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huziamuru korodani zisitengeneze tena. Korodani husinyaa na mbegu hupungua hadi kuisha. Homoni iliyozidi nyingine hugeuka kuwa homoni ya kike, ndipo utamwona mtu ana mabega ya simba na matiti yamemvimba chini ya fulana. Akiacha ghafla, mwili hauna homoni ya kutosha, yake wala ya dawa. Nguvu humwisha, hamu ya ndoa hupotea, huzuni humkaba. Wengi hapo hurudia sindano, si kwa sababu ya misuli tena bali kwa kukimbia hali hiyo. Huo ni uraibu, tusiuite jina jingine.

Hayo ya uzazi mara nyingi hurudi mtu akiacha, ingawa huchukua miezi mingi na wengine hupita mwaka. Moyo ndio usiosamehe. Dawa hizi hupandisha presha, hushusha mafuta mazuri kwenye damu na kuzidisha yale mabaya yanayoziba mishipa. Moyo nao ni msuli: hunenepa kuta zake, ukawa mgumu na mzito wa kusukuma damu. Za vidonge huongeza mzigo wa ini. Andreas Münzer, mtunisha misuli mashuhuri wa Austria, alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka 31, viungo vyake vya ndani vikiwa vimegoma kimoja baada ya kingine.

Atakayesema huyo ni mmoja tu, atazame Denmark. Huko wapimaji huingia hata kwenye jimu za kawaida, na anayepatikana na dawa hufungiwa miaka miwili. Watafiti waliwachukua wanaume 1,189 waliopatikana hivyo, wakawalinganisha na wanaume wengine 59,450 wa umri wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: katika muda wa wastani wa miaka 11, waliotumia walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya wenzao. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu walipoanza kufuatiliwa.

Sasa turudi kwetu. Kenya tuna Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli ya mwaka 2016, na tuna shirika la ADAK. Tulizipata kwa kusukumwa, wakati wakimbiaji wetu walipokuwa wakinaswa na dunia ikitutishia. Kwa hiyo macho yote yako kwa mwanariadha wa mbio ndefu. Kijana wa mtaani ambaye hashindani popote, anayetaka kazi ya baunsa Mtwapa, au kazi ya ulinzi Ghuba, au anayetaka tu picha yake isifiwe kwenye simu, hapimwi na mtu. Dawa anauziwa na mwenzake, na kilichomo ndani ya chupa hakuna anayejua.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu. Pwani tuna kliniki za methadoni, na tuna mashirika yanayowapa sindano safi wanaojidunga heroini. Kijana wa jimu hatakanyaga huko, kwa sababu yeye si teja. Lakini sindano ni sindano. Wakichangia moja, au chupa moja, virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini havitamuuliza mtu alikuwa anadunga nini.

Sisemi jimu zifungwe. Nimekulia tukinyanyua vyuma vya mikebe iliyojazwa saruji, na mazoezi yametuokoa wengi na unga. Nasema serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye jukumu la afya, ziwafikie wenye jimu na makocha wao. Bodi ya Famasia na Sumu ifuatilie homoni zinazouzwa bila cheti cha daktari. Na ADAK ishuke kutoka Eldoret na Iten ije mpaka Kisauni na Likoni, hata kama ni kuelimisha tu.

Nawe kijana unayetumia, usijifiche. Mwambie daktari ukweli wote, upimwe presha, mafuta ya damu, ini na moyo. Kuacha kunahitaji usimamizi wake, ili ile huzuni isikukute peke yako. Ukiona kifua kinabana au pumzi inakata, usingoje asubuhi.

Wazee wetu walituachia neno: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sikuwahi kuliona likitembea kwa miguu miwili mpaka usiku ule.

Mpwa wangu ameacha. Bado anasubiri, na daktari hajamkatia tamaa. Lakini la maana zaidi kwangu ni alilofanya mwezi uliopita. Alimkalisha mamake, mkewe akiwa pale pale, akamwambia: "Mama, si yeye. Ni mimi." Dada yangu alikaa kimya kitambo, kisha akainuka akaenda kuketi karibu na mkaza mwanawe. Tangu siku hiyo hakuna tena dawa za miti katika nyumba ile.