Malaba na mgawanyiko wa wahafidhina wa Marekani: nani atalipia vidonge vya dereva?

Katika mji wa Malaba, ambao sehemu yake moja iko Kaunti ya Busia nchini Kenya na nyingine Wilaya ya Tororo nchini Uganda, mazungumzo ya kila siku huhusu urefu wa foleni ya malori, karatasi za forodha na bei ya shilingi ya Kenya dhidi ya ile ya Uganda. Siasa za Marekani hazina nafasi kubwa. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 mji huu umeguswa na hoja zinazojengwa katika kamati za Congress, taasisi za kihafidhina na Mahakama ya Juu jijini Washington.

Kiungo kati ya pande hizo mbili ni virusi vya Ukimwi. Malaba ni kituo kikuu cha Ushoroba wa Kaskazini, barabara inayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala na kuendelea Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Madereva wa masafa marefu na utingo wao hulala hapa wakisubiri mizigo ipitishwe. Wengine, wakiwemo wanawake na vijana kutoka vijiji vya karibu na mbali, huja kutafuta riziki katika baa, mikahawa na nyumba za kulala wageni. Ndiyo maana wataalamu wa afya wameuhesabu mji huu kwa muda mrefu miongoni mwa maeneo yenye hatari kubwa ya maambukizi, na Kaunti ya Busia imekuwa na kiwango kilicho juu ya wastani wa kitaifa.

Sehemu kubwa ya upimaji, ushauri nasaha na dawa za kupunguza makali ya VVU katika nchi hizi mbili imelipiwa na mlipa kodi wa Marekani. Jambo linalosahaulika ni kwamba mpango uliobeba gharama hizo ulizaliwa na wahafidhina, na waliokuja kuutikisa ni wahafidhina vilevile.

Huruma yenye masharti

Januari 28, 2003, Rais George W. Bush alitumia hotuba yake ya hali ya taifa kuliomba Bunge dola bilioni 15 kwa miaka mitano ili kupambana na Ukimwi, hasa barani Afrika. Mei mwaka huo alitia saini sheria iliyoanzisha mpango unaojulikana kama PEPFAR. Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kunufaika.

Waliousukuma hawakuwa watetezi wa kawaida wa misaada ya nje. Mswada uliwasilishwa na Henry Hyde, mbunge wa Republican ambaye jina lake limebaki katika kanuni inayozuia fedha za serikali kuu ya Marekani kulipia utoaji mimba. Hata Seneta Jesse Helms, aliyeipinga misaada ya nje kwa miaka mingi, alikuwa ameshabadili msimamo mwaka 2002, huku wahubiri wa kiinjili kama Franklin Graham wakiwataka waumini wao wasiwape kisogo wagonjwa. Hoja yao ilikuwa ya kidini: kila uhai una thamani mbele ya Mungu, na aliyejaliwa mali hawezi kujifanya haoni.

Lakini huruma hiyo ilikuwa na masharti. Sheria ilitenga theluthi moja ya fedha za kinga kwa ajili ya kuhimiza watu kujizuia hadi ndoa. Uganda ndiyo iliyotolewa kama ushahidi, kwa kuwa kampeni iliyoongozwa na Rais Yoweri Museveni tangu miaka ya 1980 ilisisitiza uaminifu katika ndoa, na maambukizi yalishuka katika miaka ya 1990. Wakosoaji walijibu kwamba mafanikio ya Uganda yalitokana na mambo mengi, kondomu zikiwemo.

Sharti jingine liliyataka mashirika yanayopokea fedha yatangaze msimamo wa kupinga ukahaba. Kwa waliolitunga, serikali haiwezi kuonekana ikiibariki biashara inayomdhalilisha mwanamke. Kwa watoa huduma wa mpakani, wanaouza ngono ndio watu waliohitaji kufikiwa kwanza, na ni vigumu kumkaribisha mtu kwenye kliniki baada ya kutia saini tamko dhidi ya shughuli inayomlisha.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali haiwezi kuyalazimisha mashirika ya Kimarekani kutoa tamko hilo, kwa sababu inakiuka uhuru wao wa kusema. Miaka saba baadaye, majaji walio wengi walisema kinga hiyo haiyahusu mashirika ya kigeni, hata yale yenye uhusiano na ya Kimarekani. Kwa hiyo shirika la Kampala au Nairobi lingeweza kufungwa na sharti ambalo mshirika wake wa New York amefunguliwa.

Pamoja na mabishano hayo, serikali ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu milioni 25. Kwa miongo miwili, wafuasi wa vyama vyote viwili waliujivunia.

Kutoka Bush hadi "Marekani Kwanza"

Ufa ulionekana wazi mwaka 2023. Mbunge Chris Smith wa Republican, aliyekuwa mstari wa mbele kuurefusha mpango huo mwaka 2018, sasa alidai kwamba fedha zake zinayafikia mashirika yanayotetea utoaji mimba. Taasisi ya kihafidhina ya Heritage Foundation ilikuwa na msimamo kama huo. Wasimamizi wa mpango walikanusha, wakikumbusha kwamba sheria inakataza matumizi ya aina hiyo. Hatimaye Congress iliurefusha kwa mwaka mmoja tu, hadi Machi 25, 2025, badala ya miaka mitano iliyozoeleka.

Kabla ya tarehe hiyo kufika, Donald Trump alirejea Ikulu. Januari 20, 2025, alisimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90. Siku nne baadaye alirejesha sera iliyoanzishwa na Ronald Reagan mwaka 1984, inayoyanyima fedha mashirika ya kigeni yanayotoa au kutetea huduma za utoaji mimba. Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kufutwa kwa asilimia 83 ya miradi ya shirika la misaada la USAID, na Julai 1 shughuli zilizobaki zikahamishiwa wizarani kwake.

Ni rahisi kuyaita hayo yote ukatili. Lakini wanaoyatetea wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Wanasema taifa lenye deni kubwa halipaswi kuwa wizara ya afya ya mataifa mengine. Wanasema fedha nyingi huishia kwa wakandarasi na washauri: mkakati wa afya uliotolewa na Washington Septemba 2025 ulidai kuwa ni takriban asilimia 40 tu inayokwenda kwenye dawa, vifaa na wahudumu walio karibu na mgonjwa. Na wanasema msaada usio na kikomo humfanya anayepokea asahau wajibu wake.

Hoja hiyo ya mwisho si ngeni Afrika Mashariki, ambako wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa hali maskini. Siku chache baada ya misaada kusimamishwa, rais mstaafu wa Kenya Uhuru Kenyatta aliwaambia wajumbe wa mkutano wa afya mjini Mombasa kwamba hakuna sababu ya kulia, kwani Waafrika hawalipi kodi Marekani.

Wahafidhina dhidi ya wahafidhina

Ugomvi mkubwa kuhusu misaada mwaka 2025 haukuwa kati ya wahafidhina na wapinzani wao pekee. Julai, Congress inayodhibitiwa na Republican ilipofuta matumizi ya takriban dola bilioni 9, upunguzaji wa dola milioni 400 za PEPFAR uliondolewa kwenye mswada kwa sababu baadhi ya maseneta wa chama hicho hicho waliupinga.

Mahakamani hali ilikuwa kama hiyo. Machi, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu ilikataa kuizuia amri ya kuyalipa mashirika kwa kazi waliyokwisha kuifanya. Jaji Mkuu John Roberts na Jaji Amy Coney Barrett, wote walioteuliwa na marais wa Republican, walijiunga na majaji watatu wa mrengo wa kiliberali. Septemba, wengi katika mahakama hiyo hiyo walimruhusu rais kuendelea kuzuia takriban dola bilioni 4 zilizokwisha kuidhinishwa.

Kiini cha kesi hizo ni swali ambalo wahafidhina wenyewe hawajaafikiana: ni nani anayeshika mfuko wa taifa? Kuna wanaoshikilia kwamba Katiba inaipa Congress mamlaka hayo, na rais hawezi kukalia fedha zilizopitishwa kisheria. Kuna wanaoamini kwamba mambo ya nje ni uwanja wa rais. Jibu litaamua kama ahadi inayotolewa na Bunge la Marekani kwa nchi kama Kenya au Uganda inaweza kutegemewa, au inadumu kadiri rais aliyepo anavyopenda.

Undugu wa maadili

Hapa ndipo viongozi wengi wa ukanda huu walipokosea hesabu. Oktoba 2020, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizodhamini Azimio la Makubaliano ya Geneva, linalosema hakuna haki ya kimataifa ya utoaji mimba na linaloitaja familia kuwa msingi wa jamii. Marekani ya Trump ilikuwa mdhamini mwenza. Kenya nayo ilitia saini. Joe Biden aliiondoa Marekani katika azimio hilo; Trump aliirejesha Januari 2025.

Baada ya Uganda kupitisha sheria kali dhidi ya ushoga mwaka 2023, serikali ya Biden iliiondoa katika mpango wa biashara wa AGOA kuanzia Januari 1, 2024. Si ajabu basi kwamba wapo waliotarajia kuwa kurejea kwa wahafidhina kungeleta nafuu. Lakini hata seneta mhafidhina Ted Cruz aliilaani sheria hiyo. Na amri ya Januari 2025 ilipotoka, haikuuliza nani alitia saini azimio gani. Kliniki ya nchi rafiki na ya nchi isiyo rafiki zilipata barua ya aina moja. Kumbe kukubaliana juu ya maadili ni jambo moja, na kukubaliana juu ya nani alipe ni jingine.

Yanayoonekana mpakani

Siku chache baada ya amri hiyo, Washington iliruhusu huduma za kuokoa maisha ziendelee, zikiwemo dawa kwa walio na virusi. Hata hivyo, dawa za kinga kwa wasioambukizwa ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Katika mji wa malori, sharti hilo liliwaacha nje madereva na wanaouza ngono, yaani watu wale ambao kinga hiyo ingewafaa zaidi.

Wizara ya Afya ya Uganda nayo iliagiza kliniki maalumu za VVU ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje, na Kenya imefuata mwelekeo huo huo. Kiutawala ni hatua ya busara, kwa kuwa inapunguza gharama. Lakini dereva ambaye lori lake limeruhusiwa kuvuka hawezi kukaa kwenye foleni nusu siku, wala si kila mtu yuko tayari kupokea dawa zake mbele ya majirani. Anayekatiza matibabu huruhusu virusi kuongezeka mwilini, huweza kuambukiza wengine na hujiweka katika hatari ya usugu wa dawa.

Desemba 2025, sura mpya ilifunguliwa. Tarehe 4 Kenya ilitia saini makubaliano ya miaka mitano ambayo Marekani inatarajia kutoa hadi dola bilioni 1.6, na Kenya kuongeza dola milioni 850 kutoka bajeti yake. Siku sita baadaye Uganda ilitia saini yake: hadi dola bilioni 1.7 kutoka Marekani na zaidi ya milioni 500 kutoka Kampala. Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa muda kipengele cha kushirikishana takwimu za afya, kutokana na hofu juu ya siri za wagonjwa.

Makubaliano haya yana sifa ambayo hata wakosoaji wa Trump wanaweza kuikubali: fedha zinapita zaidi serikalini na mchango wa nchi husika umeandikwa. Lakini kila moja limefungwa kati ya Washington na nchi moja, ilhali maisha ya Malaba hayana mpaka wa namna hiyo. Waiteso wanaishi pande zote mbili za mto. Dereva anaweza kuanzishiwa dawa Mombasa, akalala Malaba na kuishiwa vidonge akiwa Kampala. Kontena lake hukaguliwa na maafisa wa nchi mbili katika kituo kimoja cha mpakani, kwa utaratibu uliojengwa kwa miaka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye kuliendesha anahitaji utaratibu kama huo, utakaomwezesha kutambuliwa na kupewa dawa upande wowote bila kuanza upya.

Hilo halihitaji ruhusa ya Congress wala ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Linahitaji Nairobi na Kampala, ambazo mwaka 2001 ziliungana na Afrika nzima mjini Abuja kuahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya na hazijaifikisha. Mahali pa kutazama ni hotuba za bajeti za mwezi Juni katika miji hiyo miwili: zitaonyesha kama dola milioni 850 na milioni 500 zilizoahidiwa Desemba zimetengewa fungu, au zimebaki kwenye karatasi.