Hija huanzia kwa jirani kabla ya kufika Makka

SAUDI Arabia ilipotangaza Juni 23, 2024 kwamba mahujaji 1,301 walikuwa wamefariki katika msimu wa hija wa mwaka huo, ulimwengu ulishtushwa na idadi hiyo. Lakini lililostahili kutafakariwa zaidi ni maelezo yaliyoandamana nayo: asilimia 83 ya marehemu hawakuwa na kibali cha kuhiji. Wengi walikuwa wametembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika, katika siku ambazo joto katika Msikiti Mtakatifu wa Makka lilifikia nyuzijoto 51.8.

Waliokuwa na vibali walikuwa na mabasi, mahema yenye viyoyozi na watu wa kuwahesabu. Wasiokuwa navyo walijificha, wakakwepa askari na kuogopa hata kuomba msaada wa daktari. Ilhali wote walivaa shuka nyeupe za aina moja, wakatamka kwa sauti moja kwamba wameitika mwito wa Mola wao, na wakaelekea uwanja mmoja wa Arafa.

Yawezekanaje, basi, ibada iliyokusudiwa kuwafanya watu kuwa kitu kimoja iwaache mamia wakifa hatua chache kutoka mahema ya wenzao? Serikali ya Saudi Arabia ina sehemu yake ya jawabu, na mawakala wa usafiri wana yao. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jawabu hilo imo katika mitaa na vijiji walikotoka mahujaji hao, na katika namna jamii inavyoielewa ibada yenyewe.

Haki ya Mungu na haki ya waja

Uislamu haukuwahi kuitenga haki ya Mungu na haki za waja. Nguzo zake zote zimejengwa juu ya mambo hayo mawili. Muumini anaweza kusali peke yake na sala yake ikasihi, lakini mafundisho ya Mtume Muhammad yanaipa sala ya jamaa ubora wa mara 27 kuliko ya mtu aliye peke yake. Sala ya Ijumaa haisaliwi na mtu mmoja kamwe. Pasipo jamaa, haipo. Katika safu ya msikitini, tajiri hana nafasi aliyowekewa. Aliyetangulia kufika ndiye anayesimama mbele, hata akiwa mchukuzi wa mizigo sokoni.

Saumu nayo ni siri kati ya mja na Mola, kwa kuwa hakuna awezaye kumchunguza mfungaji akiwa chumbani mwake. Lakini siri hiyo huishia hadharani, kwenye sinia ya futari ambayo jirani hutumiwa, na kwenye zaka ya fitri ambayo sharti imfikie maskini kabla ya sala ya Idd. Zaka ya mali, asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima, huhesabiwa kuwa haki ya mhitaji. Mwenye kuitoa hamfadhili mtu. Anarejesha kisichokuwa chake.

Hija hukamilisha ujenzi huo. Mara tano kwa siku, Mwislamu wa Mji wa Kale mjini Mombasa, wa Garissa, wa Eastleigh na wa Mumias huelekeza uso wake mahali pamoja. Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, ndiyo maana katika Kiswahili cha pwani neno kibla limebeba pia maana ya upande wa kaskazini. Dini ilikwisha kuingia hata katika namna ya watu kuzijua pande za dunia.

Mafungamano hayo ni ya kale. Msafiri Ibn Battuta, ambaye alikuwa amekwisha kuhiji, alipotia nanga Mombasa mwaka 1331 aliwaeleza wakazi wake kuwa watu wachaji Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi na visima milangoni ambako watu waliosha miguu kabla ya kuingia. Mgeni wa kutoka Morocco alijikuta miongoni mwa ndugu katika mji ambao hakuwahi kuuona.

Shuka ni moja, malazi si mamoja

Kila mwaka, katika mwezi wa Mfungo Tatu, ambao Waarabu huuita Dhulhija, undugu huo hudhihirika kwa macho. Mwanamume huvua nguo za cheo chake na kujitanda vipande viwili vya kitambaa kisichoshonwa, vinavyofanana na sanda. Huizunguka Kaaba mara saba, kisha hwenda mara saba baina ya vilima vya Safa na Marwa. Hapo hufuata nyayo za Hajar, mama aliyeachwa jangwani akihangaika kumtafutia mwanawe Ismail maji. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba wafalme na mawaziri hutakiwa kuiga mahangaiko ya mwanamke huyo mnyonge ndipo hija yao itimie.

Siku ya tisa ya mwezi huo, wote husimama Arafa kuanzia adhuhuri hadi jua linapotua. Hapana sanamu wala sadaka ya kuwasilisha hapo. Pana dua na machozi tu, kila mmoja akiomba kwa lugha yake. Mwanaharakati wa Marekani, Malcolm X, alipohiji mwaka 1964, aliandika jinsi kula sahani moja na kusali bega kwa bega na Waislamu weupe kulivyomfanya aupime upya msimamo wake kuhusu rangi za watu. Alichoshindwa kukiona nchini mwake kwa miaka mingi alikishuhudia katika siku chache za ibada.

Usawa huo, hata hivyo, una mtihani wake. Ukiwa uani mwa Kaaba, huwezi kuukosa mnara wa saa wa Abraj Al Bait, wenye urefu wa mita 601, uliokamilika mwaka 2012 ukiwa na hoteli za kifahari ndani yake. Anayeweza kulipa hulala akiitazama Kaaba dirishani. Asiyeweza hulala mbali na kupanda basi alfajiri. Huko Mina pia yapo mahema ya kawaida na mahema ya wakwasi. Shuka ni moja, lakini malazi si mamoja, na wasomi wengi wa Kiislamu wamelisikitikia jambo hili.

Kwa nini kuna kibali?

Ni rahisi kuutazama mpango wa vibali kama ukuta uliojengwa kuwazuia maskini. Historia inaonyesha sababu nyingine pia. Bonde la Mina halipanuki, nayo siku za ibada haziongezeki. Mwaka 1990, watu 1,426 walikanyagana hadi kufa katika njia ya chini kwa chini karibu na Makka. Mwaka 1997, moto uliteketeza mahema ya Mina na kuua zaidi ya watu 300. Mwaka 2015, msongamano wa Mina uliua watu 769 kwa hesabu ya Saudi Arabia, huku hesabu zilizokusanywa kutoka nchi za marehemu zikizidi 2,000.

Baada ya kila msiba, mabilioni yalitumika kurekebisha mambo: mahema yasiyoshika moto, daraja jipya la ghorofa kadhaa la kurushia mawe Jamarat, na treni ya kuunganisha maeneo ya ibada iliyoanza kazi mwaka 2010. Kabla ya hapo, mnamo 1988, nchi za Kiislamu chini ya jumuiya ya OIC zilikuwa zimekubaliana kwamba kila nchi ipewe nafasi moja kwa kila Waislamu 1,000. Kwa Kenya, ambako sensa ya 2019 iliwahesabu Waislamu zaidi ya milioni 5, kanuni hiyo inatoa nafasi 5,000 na ushei.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mahujaji waliokuwa karibu milioni 2.5 mwaka 2019 walikuwa 1,673,230 mwaka 2025, na gharama ya safari imekuwa ikipanda. Pengo kati ya hamu na nafasi likawa soko la walaghai. Mtu huuziwa viza ya matembezi akiambiwa kwamba akishafika, njia ya kuingia Arafa itapatikana. Baada ya maafa ya 2024, Misri ilizipokonya leseni kampuni 16 za utalii, Jordan ikawatia mbaroni mawakala kadhaa, naye Rais wa Tunisia akamfuta kazi waziri wake wa masuala ya kidini. Mwaka uliofuata, Saudi Arabia iliweka faini ya hadi riyali 20,000 kwa anayejaribu kuhiji bila kibali.

Baraza la wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia lilikuwa limeonya miezi miwili kabla ya maafa hayo kwamba kuhiji bila kibali ni dhambi, kwa kuwa kunawadhuru wengine. Wapo wanaoishuku kauli hiyo kwa sababu imetoka katika nchi inayotoa vibali vyenyewe. Lakini hoja yake ni nzito: anayejipenyeza hutumia njia, maji na vitanda vya hospitali ambavyo havikupangwa kwa idadi yake. Hutafuta radhi za Mola huku akimpunguzia mwenzake usalama.

Uwezo ni nini?

Kurani imeifanya hija kuwa wajibu kwa mwenye uwezo wa kuiendea. Wanazuoni wameufafanua uwezo huo kuwa ni afya, nauli, usalama wa njia, na matumizi ya kutosha ya familia inayoachwa nyuma. Mwenye deni lililofika muda wake hutakiwa alilipe kwanza. Ambaye hayo hayajamtimilia hana dhambi yoyote kwa kubaki nyumbani.

Licha ya uwazi huo, bado kuna mzee anayeuza shamba la urithi wa watoto ili apate kwenda, na mama anayekopa pesa asizojua atazilipaje. Sehemu ya msukumo ni mapenzi ya kweli kwa Nyumba ya Mungu, na hayo hayastahili kubezwa. Sehemu nyingine ni jina la Alhaji na heshima yake vikaoni. Jamii inayomtukuza aliyekwenda na kumtazama aliyebaki kama aliyepungukiwa imani huwa imemsukuma mnyonge mikononi mwa walaghai bila yenyewe kujua.

Mila za pwani zina mafunzo yaliyo kinyume cha hayo. Anayejiandaa kuhiji huzunguka mtaani kulipa madeni, kurejesha amana na kuomba radhi kwa aliowakosea. Jirani waliokuwa hawasemezani husameheana. Itikadi iliyo nyuma ya desturi hiyo ni kwamba Mungu husamehe haki zake mwenyewe, lakini haki ya mja husubiri msamaha wa mja. Hija, kwa maana hii, huanzia mlangoni kwa jirani.

Iwapo jirani ana haki ya kuombwa radhi, ana wajibu pia wa kusaidia. Malaysia ilionyesha njia. Mwaka 1959, mwanauchumi Ungku Aziz alieleza jinsi wanakijiji walivyoficha pesa majumbani na kuuza ardhi na mifugo ili wahiji, kisha wakarudi wakiwa mafukara. Mwaka 1963 ukaanzishwa mfuko wa akiba usiohusisha riba, ambao leo ni Tabung Haji, ukiwawezesha wakulima na wavuvi kuweka kidogo kidogo kwa miaka mingi na kusafiri chini ya usimamizi unaojulikana.

Kenya haikosi mbegu za mpango kama huo. Vyama vya kuchangiana vimeenea kila mtaa, na benki zinazofuata sheria ya Kiislamu zilianza kuhudumu nchini mwaka 2008. Kinachohitajika ni kamati za misikiti kuyaunganisha hayo: kuwawekea wazee akiba mapema, kuwachunguza mawakala kabla ya waumini kutoa hata shilingi, na kumwambia mgonjwa ukweli kuhusu afya yake. Haba na haba hujaza kibaba, ilmradi kibaba chenyewe kisiwe na tundu.

Waliobaki nao wamo

Janga la corona lilitoa funzo lisilosahaulika. Mwaka 2020, Saudi Arabia ilifunga milango kwa mahujaji kutoka nje na kuruhusu kundi dogo tu la waliokuwa tayari nchini humo. Mwaka 2021 ikaruhusu wakazi 60,000. Mamilioni waliokuwa wamejiandaa walibaki makwao. Walifunga saumu siku ya Arafa, wakachinja siku ya Idd na kuigawa nyama kwa jamaa na maskini. Ibada haikukatika.

Idd ya kuchinja ipo kwa sababu hiyo hasa, ili asiyekwenda Makka ashiriki na aliyekwenda. Kurani inakumbusha kwamba kinachomfikia Mungu ni uchaji wa mchinjaji, wala si nyama yenyewe. Nyama humfikia jirani.

Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa jua, hivyo hija itazidi kusogea mbali na kiangazi kikali, na huenda idadi ya wanaouawa na joto ikapungua. Lakini majira hayawezi kuondoa ulaghai, deni wala majivuno. Hayo yataondolewa na jamii inayouhesabu uwezo wa kuhiji kuwa jukumu la wote, na inayomheshimu anayengoja zamu yake sawa na anayerudi na maji ya Zamzam.