Kunasa, Kunaswa na Kuzongwa: Kitenzi "entangle" na Wajibu wa Mfasiri

Kitenzi cha Kiingereza "entangle" kimejengwa juu ya neno "tangle", yaani msokotano wa nyuzi, nywele au kamba ambao haufumuliwi kwa urahisi. Maana yake ya msingi ni kukifanya kitu kishikwe ndani ya vitu vilivyosokotana. Katika matumizi, hata hivyo, kitenzi hiki hutokea sana katika kauli ya kutendwa, na hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapokumbana na tatizo ambalo visawe vitupu haviwezi kulitatua.

Desturi ya kamusi za lugha mbili, tangu ile ya Frederick Johnson ya 1939 hadi ile ya TUKI ya 1996, ni kuorodhesha visawe chini ya kidahizo. Mtumiaji anayepewa tatiza, zonga, kwamisha na nasa kwa mfululizo huenda akadhani kuwa vyote ni sawa. La hasha. Tatana huhusu nyuzi zenyewe: uzi hutatana hata kama haujashika kitu. Zonga hubeba picha ya kuzungushia na kubana, ndiyo maana husemwa kwamba mtu amezongwa na madeni. Kwama huhusu mwendo uliokatizwa: gari hukwama matopeni na mfupa hukwama kooni, pasipo uzi wala mtego. Nasa hudai kuwapo kwa kitu kinachoshika, kiwe mtego, ulimbo, wavu au mwiba.

Nasa ina sifa nyingine ya kisarufi inayostahili kuangaliwa. Ni kitenzi elekezi na sielekezi kwa wakati mmoja: mtego umenasa panya, na panya amenasa mtegoni. Aidha, kauli ya kutendwa humruhusu mtenda atajwe, kama katika "kasa alinaswa na wavuvi", ilhali "kasa alinasa kwenye jarife" hueleza tukio bila kumgusa mtu yeyote. Kiingereza hakilazimishi uchaguzi huo. Maneno "was entangled" huweza kueleza hali, na huweza pia kueleza tendo la mtu.

Tofauti hii si ya darasani tu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kinaruhusiwa katika mazingira maalumu. Tuchukue mfano wa taarifa ya ajali kiwandani, inayosema kwa Kiingereza kwamba mkono wa shati la kibarua ulikuwa "entangled" katika mashine. Akiandika "kibarua alinasa shati lake", mfasiri amemfanya majeruhi kuwa mtenda. Akiandika "shati lilinaswa na mashine", amehamishia tendo kwenye mashine, na msomaji ataanza kuuliza kuhusu kinga yake. Akiandika "shati lilinasa kwenye mashine", ameeleza kilichotokea bila kuhukumu. Fidia ya mtu inaweza kutegemea mnyambuliko mmoja.

Yamkini itadaiwa kwamba wazungumzaji wa kawaida huchanganya nasa na naswa bila kupotoshana, na kwamba muktadha hutosha. Dai hili lina ukweli katika mazungumzo, ambamo msikilizaji anaweza kuuliza. Hati ya mahakama haiulizwi. Husomwa na watu ambao hawakuwapo, pengine miaka mingi baada ya tukio.

Kwa hiyo, wanaotunga kamusi hawana budi kuonyesha, kwa kila kisawe, uelekezi wake, aina ya kiima kinachokubalika na walau sentensi moja ya mfano. Vyuo vinavyofundisha tafsiri navyo viwazoeze wanafunzi kujiuliza, kabla ya kuchagua neno: nini kimeshika, nini kimeshikwa, na je, matini chasili yamemtaja mtenda? Pale ambapo hayakumtaja, mfasiri hana mamlaka ya kumwongeza.